Kidole Hakitaji Kabila



Kuna neno linalozunguka siku hizi ambalo tumeona si vema kuliacha lipite bila jibu. Husemwa kwamba wataalamu wamekwisha kusoma kabila katika alama za vidole, na kwamba mashine zinazopokea vidole vyetu siku za kuandikisha wapiga kura zinaweza, zikiamriwa, kumtenga mwenyeji na mgeni. Wanaolisema hawalisemi kwa nia moja. Wengine wanalitamani, kwa maana wanaona kwamba ugomvi wa miaka mingi utakatwa na chombo kisichopokea rushwa. Wengine wanaliogopa, kwa maana wanajua kwamba wao ndio watakaotengwa. Sisi tunasema kwamba neno hilo si la kweli. Lakini limejengwa juu ya jambo la kweli, na uongo wa namna hiyo haufukuzwi kwa kicheko.

Jambo la kweli ni hili. Ukichukua alama za vidole vya watu wengi wa taifa moja, ukazihesabu kwa aina zake, kisha ukafanya vivyo hivyo kwa watu wengi wa taifa jingine, hesabu mbili hazitalingana sawasawa. Lisilo la kweli ni kwamba hesabu hiyo inaweza kurudishwa hadi kwenye kidole cha mtu mmoja, kikamtaja alikotoka baba yake.

Tutazame kwanza kidole chenyewe. Mtoto akiwa bado tumboni, yapata juma la saba, ncha za vidole vyake huota vivimbe vidogo laini. Karibu na juma la kumi mistari huanza kujichora katika ngozi, na kabla ya mwezi wa sita kwisha kazi hiyo imekamilika. Mtu ataibeba mistari ileile mpaka kaburini. Mwaka 2023 watafiti wa Edinburgh walionyesha kwamba mistari huenea kama mawimbi kutoka mahali patatu: katikati ya kivimbe, karibu na ukucha, na kwenye mkunjo wa kiungo. Namna mawimbi hayo yanavyokutana ndiyo inayoleta umbo. Kivimbe kikiwa bado kirefu na cha duara, mistari huzunguka kama maji ya mto penye kina, nasi tutaiita mzunguko. Kikiwa kimeinama upande mmoja, mistari huingia, hujikunja na kutokea ilikoingilia. Hicho ni kitanzi. Kikiwa kimekwisha kushuka, mistari hupita kutoka upande huu hadi ule kwa kuinuka kidogo tu katikati. Hilo ni tao.

Urithi una sehemu yake hapo, kwa kuwa wazazi ndio wanaotupa vivimbe virefu au vifupi, vya mapema au vya kuchelewa. Lakini mambo madogo ya tumboni nayo yana sehemu yake: mtoto alivyolala, maji yaliyomzunguka, siku moja ya kutangulia au ya kuchelewa. Ndiyo maana mapacha waliotoka katika yai moja, wanaofanana uso hata mama akawachanganya, hawana alama zilizo sawa. Ikiwa urithi wote kamili hautoshi kuwafanya ndugu hao wawili walingane kidole kwa kidole, tunashindwa kuelewa ni vipi urithi mwembamba wa kabila, uliochanganyika kwa ndoa za karne nyingi, ungetosha kuupiga mhuri umati wa mamilioni.

Sasa hesabu. Ukichanganya mataifa yote ya dunia, katika kila vidole 100 utaona vitanzi kama 60 au zaidi kidogo, mizunguko kama 30 na kitu, na matao karibu 5. Katika mataifa ya Asia ya mashariki mizunguko huongezeka na kukaribia nusu ya vidole vyote. Kwa wenyeji wa asili wa Australia imehesabiwa mingi zaidi. Kwa Wasan wa kusini mwa Afrika matao yameonekana kuwa mengi kuliko kawaida. Na tusidhani kwamba mambo haya yalifanyika mbali na sisi: tangu miaka ya 1930 vidole vya Waefe wa msitu wa Ituri vilipakwa wino na wageni, vikapelekwa Ulaya, vikaandikwa katika majarida ya elimu kuwa navyo vina matao mengi. Hatujui kama yupo aliyerudi Ituri kuwaambia wenye vidole kilichosomwa.

Je, tofauti hizi ni kubwa? Tufanye hesabu ndogo ambayo kila kijana aliyemaliza shule ya msingi anaiweza. Tuseme kundi la kwanza lina mizunguko 45 katika vidole 100, na kundi la pili lina 30. Tofauti hiyo, katika elimu hii, si ndogo hata kidogo. Sasa uletewe kidole chenye mzunguko, bila jina, kutoka katika umati uliochanganya makundi hayo nusu kwa nusu, uulizwe ni cha kundi gani. Katika kila mizunguko 75 utakayoikuta, 45 ni ya kundi la kwanza na 30 ni ya kundi la pili. Ukijibu daima kundi la kwanza, utapata mara 60 katika 100 na kukosea mara 40. Aliyerusha sarafu hewani, akafumba macho, anapata mara 50. Hii ndiyo nguvu yote ya kile kinachoitwa kabila katika kidole: juu ya sarafu imeongeza mara kumi katika mia, na mara arubaini imempa mtu ukoo usio wake. Wala kutazama vidole vyote kumi hakuondoi tatizo, kwa sababu vidole vya mtu mmoja hufuatana. Mwenye mzunguko katika kimoja huelekea kuwa nao katika vingine, hivyo kumi havileti ushuhuda wa watu kumi.

Na hesabu hiyo tumeifanya kwa makundi yaliyo mbali sana, kama Ulaya na Asia ya mashariki. Kwa majirani waliooana, walioishi kando ya ziwa moja na kuuziana ng'ombe na muhogo katika soko moja, hata ile faida ndogo juu ya sarafu haina pa kutokea.

Mtu aliyetafuta jambo hili kwa bidii kuliko wote alikuwa Mwingereza, Francis Galton. Tunamtaja kwa sababu alitaka sana kulipata. Ndiye aliyebuni mwaka 1883 jina la ile elimu iliyotaka kuwazalisha wanadamu kwa kuchagua walio bora, kama watu wanavyochagua mbegu za mifugo, na sote tunajua elimu hiyo iliifikisha Ulaya wapi katika karne iliyofuata. Katika kitabu chake juu ya alama za vidole, kilichotoka mwaka 1892, alilinganisha vidole vya Waingereza, vya watu wa Wales, vya Wayahudi na vya Waafrika ambavyo alitumiwa kutoka nchi za mto Niger. Alilinganisha pia wasomi, wanafunzi wa sanaa, vibarua wa mashambani na watu wenye ulemavu wa akili. Alitumaini kukuta alama ya taifa, au alama ya akili, au walau alama ya tabaka. Hakuikuta. Aliandika waziwazi kwamba hakuna umbo la kidole lililo mali ya taifa moja peke yake, na kwamba tofauti ni za hesabu za wengi tu.

Hapo tunamheshimu. Lakini aliongeza jambo dogo linalotufundisha kuliko hesabu zake. Alisema kwamba, pamoja na hayo yote, kwa jicho lake alama za Waafrika zilikuwa na sura yake ya pekee, ingawa alikubali kwamba huenda ni mawazo yake tu. Tazameni nguvu ya tamaa: namba zimekwisha kukataa, mwenyewe amezihesabu kwa mkono wake, na bado jicho linaona. Tunaamini kwamba wengi miongoni mwetu wana jicho kama hilo, ila sisi hatujafanya hesabu.

Yafaa kusema pia juu ya uchunguzi mpya, kwa kuwa ndio unaonukuliwa zaidi, na mara nyingi unanukuliwa vibaya. Mwaka 2016 wanawake wawili wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Nichole Fournier na Ann Ross, walichunguza kidole cha shahada cha mkono wa kulia cha watu 243 wa Marekani, Wamarekani wenye asili ya Afrika na wale wenye asili ya Ulaya, wanaume na wanawake karibu idadi sawa. Hawakutazama umbo kubwa tu, bali vijambo vidogo ambavyo polisi huvitumia: mahali mstari unapokoma, na mahali mstari mmoja unapogawanyika kuwa miwili kama njia panda. Kati ya wanaume na wanawake hawakuona tofauti ya maana. Kati ya makundi mawili ya asili waliona tofauti katika hizo njia panda. Wenyewe walisema kwamba kazi kubwa zaidi inahitajika kabla ya kuitegemea.

Tunalipokea hilo kama lilivyo. Ni kazi ya haki, iliyofanywa kwa unyofu. Lakini watu 243 wa Marekani si kipimo cha Kivu wala cha Kasai. Hao wanaoitwa huko watu wa asili ya Afrika ni wajukuu wa waliochukuliwa kutoka Senegambia, kutoka ghuba ya Benin, na wengi pia kutoka huku kwetu, pwani ya Kongo na Angola, kisha wakachanganyika wao kwa wao na kuchanganyika na Wazungu kwa muda wa miaka mia tatu. Kuwakusanya chini ya jina moja ni desturi ya Marekani yenye sababu zake za historia. Anayetoka hapo akadai kwamba kidole kitamtenga Mshi na Mfuliiru, au Mhema na Mlendu, hakusoma uchunguzi huo. Alisikia kichwa chake cha habari.

Kwa nini basi tunalitilia maanani hivi? Kwa sababu katika nchi yetu swali la kabila si la mchezo. Sheria ya uraia ya tarehe 12 Novemba 2004 humtambua Mkongomani wa asili kwa kuwa wa makabila na mataifa ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa sehemu ya nchi hii wakati wa uhuru. Maana yake, ofisa akitaka kujua kama mtu ni raia wa asili, sheria yenyewe inampeleka kwenye kabila. Na kabila huthibitishwa kwa nini? Kwa mashahidi, kwa wazee, kwa makaburi ya mababu, kwa karatasi ambazo vita vimezichoma, katika nchi ambayo haijafanya hesabu ya watu wake tangu mwaka 1984. Ushahidi ukiwa mgumu hivyo, watu hutamani mwili useme badala yake. Wanatazama pua. Wanatazama urefu, na namna mtu anavyotamka maneno fulani. Kijana anashushwa kwenye gari kizuizini kwa ajili ya uso wake, na wenzake abiria wananyamaza. Pua imekwisha kutumiwa vibaya vya kutosha. Hatutaki kidole nacho kiingie katika kazi hiyo, tena kikiwa na heshima ya mashine na ya neno "sayansi".

Hapa majirani zetu wana jambo la kutufundisha. Katika Kenya ya Waingereza sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutumika baada ya vita vile vya kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kidole kilisema mtu ni nani, ili bwana wa shamba aweze kumfuata akitoroka. Mzungu hakulazimishwa kukibeba. Utaona kwamba ubaguzi haukutoka katika mistari ya ngozi: ulikuwa umekwisha kuamuliwa kabla wino haujakauka.

Rwanda na Burundi walikotawala Wabelgiji, habari ni nzito zaidi. Katika miaka ya 1930 utawala uliwaandika watu kwa ubwoko wao, Hutu, Tutsi au Twa, na nchini Rwanda mstari huo ulibaki katika kitambulisho hata baada ya uhuru, mpaka mwaka 1994. Mnamo miaka ya 1950 Mbelgiji Jean Hiernaux aliwapima watu wa huko urefu, vichwa na pua, kwa vyombo vya chuma na kwa uangalifu mkubwa. Mtu huyo aliongoza pia chuo kikuu cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Baada ya kupima kwingi hivyo alikuja kukataa kabisa kwamba wanadamu wagawanywe katika jamii za damu zenye mipaka. Lakini vizuizini mwaka 1994 hakuna aliyeuliza maoni ya Hiernaux. Walisoma mstari kwenye kadi. Na asiyekuwa na kadi alisomwa usoni, na wengi walikufa kwa kusomwa vibaya, kana kwamba kusomwa vizuri kungekuwa haki.

Kidole kina swali moja kinachoweza kulijibu, nalo kinalijibu vizuri kuliko kiungo chochote: huyu ni nani? Mwingereza William Herschel alilitambua hilo Bengali mwaka 1858, alipomtaka mtu aliyefanya naye mapatano ya kazi aweke mkono wake mzima kwenye karatasi. Swali la pili, huyu ni wa aina gani, kidole hakilijibu. Na hata lile la kwanza linaharibika pale ambapo la pili limeingia kichwani mwa mchunguzi. Baada ya mabomu ya treni za Madrid mwaka 2004, polisi wa Marekani, FBI, walisema kwamba alama moja iliyokutwa ilikuwa ya wakili mmoja wa jimbo la Oregon. Wakamweka kizuizini karibu majuma mawili. Kidole hakikuwa chake. Polisi wa Hispania walimpata mwenyewe. Wakili huyo alikuwa Mwislamu. Uchunguzi rasmi uliotolewa mwaka 2006 ulisema kwamba dini yake haikuwa chanzo cha kosa, lakini huenda ilichangia watu kutokubali upesi kwamba wamekosea. Fikirini basi itakuwaje mchunguzi akiambiwa tangu mwanzo kwamba njia panda za kidole hiki "zinaelekea" kuwa za watu fulani.

Hatusemi kwamba elimu ya tofauti ikomeshwe. Ina faida zake: Harold Cummins, Mmarekani aliyeipa elimu ya mistari ya ngozi jina lake mwaka 1926, alionyesha baadaye kwamba watoto wenye hali iitwayo Down huwa na mpangilio wa pekee katika viganja, na madaktari walinufaika. Tena mashine iliyofundishwa kwa vidole vya watu wa nchi moja tu inaweza kuwakosea wa nchi nyingine, na hilo halijulikani mpaka mtu ahesabu. Ahesabu, basi. Tunachokataa ni hesabu ya wengi kugeuzwa kuwa hukumu ya mmoja.

Na kama mnatafuta tofauti ya vidole iliyo ya kweli na yenye madhara leo katika parokia zetu, ipo, ila haina kabila. Ni tofauti ya jembe na sepeto. Mistari ya kidole cha mama aliyelima miaka arubaini imelika. Mchimbaji wa coltan, mfua nguo, mwashi anayeshika saruji bila glavu, wote wana ncha laini ambazo kioo cha mashine hakizioni vizuri, na mashine haijui kuomba radhi. Tangu mwaka 2005 nchi yetu imekuwa ikiandikisha wapiga kura kwa vidole, na kadi ile ya uchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho cha watu wengi. Anayeikosa hukosa zaidi ya kura. Vijana wanaopewa kazi ya kuandikisha, na kati yenu watakuwapo, wajue kwamba kidole kilichokataliwa hupanguswa na kujaribiwa tena, kwamba kuna vidole vingine tisa, na kwamba mama huyo asirudishwe nyumbani kilomita ishirini kwa miguu kwa sababu amefanya kazi.